Mlango Ambao Haukuwa Kwenye Mchoro

Nyinyi watatu mliokuja kwangu Nabuyonga Jumamosi iliyopita, asanteni kwa soda na mkate. Orodha yenu niliisoma mlipoondoka, kisha nikavaa miwani nikaisoma tena. Mnataka kwenda Jinja kuzamia meli iliyolala chini ya ziwa. Mmeandika kamera mbili, spika ya muziki, fulana zenye majina yenu mgongoni, na mamba, ambaye mmempigia mstari mwekundu. Sikuona mahali mlipoandika nani atashika kamba. Neno baridi pia sikuliona. Nilipouliza, yule mrefu wenu alicheka: "Mzee Musa, baridi Jinja? Baridi iko huko juu Wanale!"

Nilicheka pamoja naye. Mimi mwenyewe nilisema hivyo siku yangu ya kwanza kazini, na ilibidi nitolewe majini kama gunia.

Nilifanya kazi ya kuzamia Jinja kwa miaka ishirini na sita. Kampuni siitaji, kwa sababu bado inanitumia kalenda kila Desemba. Tulikuwa tunasugua vyuma vya mabwawa, tunang'oa magugu kwenye mabomba, tunatafuta injini za mitumbwi zilizoanguka. Watu hudhani mzamiaji ni mtu wa samaki na rangi za kupendeza. Kwa miaka yote hiyo nilichoona zaidi ni mikono yangu mwenyewe, na siku nyingine hata hiyo sikuiona.

Siku ile ya kwanza nilivaa sweta ya sufu ya mitumba, nzito, mke wangu aliichagua sokoni akiamini itanisaidia. Ilikunywa maji mpaka ikafika magotini. Aliyenivuta juu ni mkuu wetu, Afande Kirya, Msoga mfupi aliyejifunza kuzamia jeshini. Aliniweka kwenye mbao za gati, akanitazama ninavyotetemeka, akasema, "Wewe nakuja kuoga ama nakuja kazi?"

Kiswahili chake kilikuwa hicho cha kambini, na hakukibadilisha hata alipostaafu jeshi. Akienda sokoni kuuliza bei ya nyanya, watu walimpisha kwenye foleni bila kuombwa. Yeye alidhani ni heshima ya umri.

Sasa sikilizeni habari ya baridi. Maji ya chini kule Jinja ni kama nyuzi ishirini na tatu. Hewa ya kiasi hicho ni asubuhi nzuri ya kukaa barazani na kikombe. Maji ya kiasi hicho yanakutoa joto polepole, kwa adabu, kama mgeni anayeondoka na sahani zako huku mnaagana. Kwanza vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Baadaye akili. Ubaya wake ni kwamba akili ikianza kuganda, yenyewe ndiyo inayokuambia kwamba uko salama kabisa.

Suti za mpira zilipofika hatimaye kutoka ng'ambo, zilikuwa zimeshonwa kwa wanaume wa nchi za barafu. Yangu ingetutosha mimi na shemeji yangu. Maji yaliingia shingoni, yakatembea ndani yakitazama mandhari, yakatokea miguuni. Nilimpelekea fundi baiskeli wa Mafubira, akaikata ubavuni na kuibana kwa gundi ya kuzibia pancha. Tangu siku hiyo nilipata joto la kutosha dakika arobaini. Kwa hiyo andikeni hilo kwenye orodha, mahali pa spika: suti inayobana, na fundi baiskeli.

Meli mnayotaka kuizamia ninaijua. Inaitwa Subira. Nilikuwa wa kwanza kuingia ndani yake baada ya kuzama, na niliingia kwa makosa.

Ilikuwa meli ndogo ya mizigo. Ilizama na saruji na sukari, ikipita kati ya visiwa siku ya upepo. Walikuwa watu wawili tu ndani: nahodha, Mkenya aliyeitwa Okumu, na fundi wa injini, Bwana Wamboya, mtu wa hapa Mbale. Okumu alikufa, maji yakamleta ufukweni siku ya pili. Wamboya aliogelea na dumu tupu mpaka akaokolewa. Habari iliyoandikwa na kusambaa ilikuwa fupi: nahodha alikuwa amelewa, akaacha usukani akalala, meli ikapanda mwamba.

Ilipita miaka tisa. Akatokea tajiri mmoja wa vizimba vya samaki, akitaka kufunga nanga zake karibu na pale. Akaiandikia barua kampuni yetu iende kuangalia kama meli imetulia au itasogea na kumharibia sato wake. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Hakuna aliyetaka kujua habari za Okumu, isipokuwa mtu mmoja, na huyo hakuwa kwenye barua.

Alikuja gatini asubuhi moja, tukiwa bado tunapanga, mama mnene aliyevaa vizuri kama anayekwenda ibadani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule Nalufenya.

"Nyinyi ndio mnaenda kuona Subira?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Mama Auma. Okumu alikuwa bwana yangu." Aliweka mkoba wake chini. "Wanasema alikuwa amelewa. Okumu hakuwa anakunywa hata uji wa bushera. Miaka tisa naitwa bibi ya mlevi. Hata kanisani, mtu akisoma mahali pa Nuhu na divai, wananiangalia. Mkifika huko chini, niangalieni tu usukani uko aje."

Afande Kirya akakaza uso. "Mama, sisi hapana polisi. Sisi naangalia chuma, narudi."

"Sawa, Afande," akasema Mama Auma. "Na usukani si ni chuma?"

Afande alifungua daftari lake la mpango. Chini ya namba tano, ambapo alikuwa ameandika kupima kina cha tope, akaongeza namba sita: usukani.

Mpango wa Afande ulichukua wiki tatu kwa kazi ya nusu saa, na sisi tulikuwa tunamcheka pembeni. Aligawa hewa ya mtungi mara tatu: sehemu moja ya kwenda, moja ya kurudi, na ya tatu ya matatizo, ambayo huruhusiwi kuigusa hata ukijisikia vizuri. Alipanga mtungi wa akiba uning'inie kwenye kamba mita tano chini ya uso wa maji, kwa sababu mtu akitoka kina kile lazima asimame pale, damu itoe hewa iliyolewa nayo, ndipo apande. Alirekebisha hesabu zote, maana majedwali ya kuzamia yaliandikwa na watu wa baharini, na sisi ziwa letu liko juu mlimani bila kujisifu.

Halafu tukafika kwenye swali la mzamiaji akiumwa kwa kupanda haraka. Chumba cha hewa ya shinikizo cha kumtibia, tuliambiwa, kiko pwani ya Kenya. Nikauliza tutampelekaje. Kwa gari, kampuni ikajibu. Afande alichukua ramani, akafuata barabara kwa kidole mpaka Timboroa, kule juu ambako madereva huvaa makoti. Mgonjwa wa namna hiyo ukimpandisha mlimani, unammaliza. Yaani njia ya kwenda hospitali ndiyo ingemuua. Afande akafunga ramani. "Basi," akasema, "hapana mtu kuumwa." Akaliandika.

Kilichobaki ni mchoro wa meli. Usiingie kwenye meli iliyozama kama hujui milango iko wapi. Karatasi za Subira zilikuwa zimepotea, kwa hiyo mimi na Afande tukaja huku Mbale kumtafuta Bwana Wamboya. Alikuwa anaishi hapa hapa Nabuyonga, mtaa wa nyuma ya huu ninaokaa leo, akitengeneza mashine za kusaga. Alitukaribisha kwa kahawa na malewa, mianzi michanga iliyopikwa kwa karanga, akatuchorea meli yote kwenye karatasi ya daftari la mtoto wake. Ubavu mmoja aliufuta mara mbili. Niliona, nikadhani ni uzee.

"Chumba cha nahodha kiko hapa juu, mlango kulia," alisema. "Mlango wa injini uko kushoto."

"Meli imelala kushoto," nikamwambia. "Mlango huo utakuwa tumboni mwa tope."

"Basi umeziba," akasema haraka. "Ile mambo ya injini muache, bwana. Kule hakuna kitu."

Tukamshukuru. Afande alifurahi kweli: mlango mmoja tu wa kufikiria.

Siku ya kazi kampuni ilituongezea mtu, Kombo, mzamiaji wa pwani, kijana mzuri mwenye kifua na maneno. Alitazama ziwa letu akacheka. "Hili ni karai, kaka! Mimi nimezamia Kilindini." Akaanza kujifunga mkanda wa risasi, vile vipande vinavyomsaidia mzamiaji kushuka.

"Toa risasi nusu," Afande akamwambia. "Hii maji tamu. Hapana chumvi."

"Kazi yangu naijua, mzee."

Bahari inakubeba kwa sababu ya chumvi yake, kwa hiyo kule unahitaji uzito zaidi. Ziwa halikubebi. Tena suti ya mpira ikifika chini inabanwa na maji, inakuwa nyembamba, na wewe unazidi kuwa mzito. Haya yote Afande alimwambia kwa maneno matatu ya kambini, na Kombo akamwitikia kwa tabasamu la Kilindini.

Tulishuka pamoja tukifuata kamba ya boya. Kijani, kijani iliyokolea, kahawia, kisha giza la kawaida la kazini. Mwanga wa tochi yangu ukaonyesha ubavu wa Subira, na kwa sekunde kumi niliiona vizuri, imejilaza kama ng'ombe. Sekunde ya kumi na moja Kombo alipita kando yangu akienda chini moja kwa moja, akatua kwenye tope mpaka magotini. Ziwa lote likageuka chai ya maziwa.

Mpango, namba moja, ulisema mkipoteza kuona, mpande. Ndivyo ulivyosema. Kombo alifungua risasi mbili, akapanda kama alivyoagizwa. Mimi nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini, nikaona mpango ni wa wengine. Kamba ya kiunoni mwangu ilikuwa mikononi mwa Afande juu, hewa ilikuwa nyingi, na chumba cha nahodha kilikuwa hapo hapo, mlango kulia. Nikaweka kiganja kwenye chuma, nikapapasa, nikapata mlango. Nikaingia.

Nilitegemea kukuta gurudumu la usukani. Mkono ukakuta bomba, kisha bomba jingine, kisha kitu kikubwa cha mapezi mapezi, nikaelewa kwamba nimekumbatia injini. Mlango wa injini ulikuwa kulia. Kwenye mchoro, upande huo haukuwapo kabisa.

Nilipaswa kutoka. Lakini nilijiuliza, mtu aliyeishi ndani ya chumba hiki atakosaje kujua mlango wake uko upande gani? Nikaendelea kupapasa ukutani mpaka nikakuta mnyororo. Huo ndio unaotoka kwenye gurudumu la nahodha kwenda nyuma, kwenye bapa linalogeuza meli. Niliufuata pete kwa pete. Mahali fulani pete zikaisha, pakaanza waya. Waya wa kufungia nondo, ule wa mafundi wa ujenzi, umezungushwa mara nyingi na kukatika katikati.

Nikasogeza tochi mpaka ikagusa maski, nikaona kwa macho yangu. Nikakata kipande. Kilinichukua muda mrefu sana, kwa sababu vidole havikuwa vyangu tena, na nakumbuka nikiwaza kwa furaha kwamba kumbe hakuna baridi. Hilo lilipaswa kunishtua. Halikunishtua.

Kumbe Afande alikuwa ameshavuta kamba mara moja, kuuliza kama niko salama, na sikuhisi. Akavuta tena. Sikujibu. Akaanza kunivuta kwa nguvu, kamba ikakwama kwenye ukingo wa mlango, nikabanwa kati ya injini na ukuta, mtungi ukigonga chuma. Hapo ndipo nikatazama geji. Sehemu ya kurudi nilikuwa nimeshaianza kitambo, na ile ya matatizo ilikuwa inanisubiri. Sikuona maisha yangu yakipita mbele ya macho, kama watu wanavyosimulia. Nilimwona mke wangu akiulizwa sweta iko wapi.

Nilirudi kinyumenyume nikifuata kamba yangu mwenyewe, nikaikwamua kwa viwiko, maana vidole vilikataa. Nikavuta mara tatu: napanda. Nilipofika mita tano, kwenye mtungi wa akiba uliotuchekesha wiki tatu, nilikuwa natetemeka mpaka sikuweza kushika kamba. Na bila kushika kamba ningepanda juu kama kizibo, na habari za Timboroa mnazijua.

Mtu alinikumbatia kutoka nyuma. Alikuwa Kombo. Alikuwa amekaa pale muda wote akisubiri, akiwa mzito vya kutosha kutokuelea, ndiyo faida pekee ya risasi zake zilizobaki. Alinishikilia kifuani kama mtoto mchanga, dakika baada ya dakika, akinionyesha kwa vidole dakika ngapi zimebaki. Tangu siku hiyo sikumcheka tena mtu wa pwani, isipokuwa akitaja karai.

Juu, Afande hakunigombeza. Alinivisha koti lake, akanitazama, akasema, "Namba moja ya mpango nasema nini?" Nikamwambia. "Soma tena," akasema, na nikaisoma kwa sauti huku meno yakigongana. Kisha nikafungua kiganja nikamwonyesha waya. Akafungua daftari, akatia alama kwenye namba sita.

Meli ilikuwa imetulia. Tajiri wa sato alipata jibu lake kwa mistari miwili.

Siku ya tatu tulirudi Mbale. Nilikiweka kipande cha waya mezani kwa Bwana Wamboya, kando ya kikombe chake. Alikigeuza kwa kidole.

"Mumeingia kwa injini."

"Mlango uko kulia, Bwana Wamboya."

"Najua mlango iko wapi." Alifuta uso kwa kiganja. "Ile mnyororo ilikuwa imepasuka. Nilimwambia mwenye meli. Okumu alimwambia mara mbili. Akasema mpakie ama mshuke, watu wa kazi ni wengi. Nikafunga na waya. Okumu alikuwa ananishikia tochi."

"Kwa hiyo alijua?"

"Alijua. Sisi wote tulijua. Upepo ilikuja, waya ikakatika. Nikasikia gurudumu inazunguka bure, tr-r-r-r. Nikapanda juu. Ameshika, anazungusha, anazungusha, na meli haisikii. Akaniambia, 'Chukua dumu, ruka.' Nikaruka. Yeye alibaki anazungusha." Akakisukuma kipande cha waya mbali na kikombe. "Walipokuja kuniuliza, mwenye meli alisimama hapa, karibu hivi. Alisema, nahodha alilewa, sivyo? Mimi nikasema ndiyo. Neno moja tu. Nilikuwa na watoto wanne."

Nilikuwa nimekuja na hasira niliyoiandaa njia nzima, kutoka daraja la Nile mpaka hapa. Nikaitafuta, sikuiona. Mimi pia nilikuwa nimetoka kuvunja mpango nikijua ni mpango.

Afande ndiye aliyesema. "Kesho asubuhi unapanda gari na sisi. Jinja."

"Ni amri, Afande?"

Kirya aliangalia chini. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikumsikia kamwe akitafuta neno. "Hapana amri," alisema. "Mimi naomba."

Kabla sijamaliza, vijana, mambo mawili ambayo hamkuyaandika. Mkitoka majini, kaeni Jinja siku nzima, msikimbilie kupiga picha kwenye maporomoko ya Sipi, kule juu kunamdhuru mtu aliyetoka kuzamia. Na mamba mfuteni, mahali pake mwandike konokono. Sisi sote watatu, Afande, Kombo na mimi, ziwa lile halikutufanya lolote isipokuwa kutupa kichocho, na tulimeza vidonge pamoja kwenye zahanati moja kama watoto wa shule. Mkiridhika na hayo, mje nitawashikia kamba mimi mwenyewe. Spika iacheni nyumbani.

Basi, kesho yake asubuhi, sisi na Wamboya tulimkuta Mama Auma ndani ya chumba chake cha kushonea, Nalufenya, akikanyaga cherehani. Hakusimama tulipoingia. Bwana Wamboya alivua kofia akasimulia yote, mnyororo, waya, tochi, dumu, na lile neno moja. Hakujipunguzia. Aliposema kwamba Okumu pia alijua, nilimwona mama akifumba macho, lakini mguu uliendelea kukanyaga, na sindano ilishona mstari mrefu uliopita mwisho wa kitambaa. Kisha mguu ukasimama.

"Ngoja," akasema. "Wakati unaruka, alikuwa ameshika usukani?"

"Alikuwa ameshika, mama. Kwa mikono miwili."

"Na alikuwa macho mazima?"

"Macho mazima."

Mama Auma alinyanyuka. Nilidhani atalia, au atampiga, na Afande naye alidhani hivyo kwa sababu alisogea. Alitupita, akafungua mlango wa mbele pande zote mbili, akafunga pazia fundo. Nje wanawake watatu wa duka la jirani walikuwa wanachambua maharagwe. Akachukua kiti cha wateja, akakitoa mpaka kwenye jua, akakipangusa kwa khanga.

"Njoo ukae hapa, baba," akamwambia Wamboya.

Wamboya akakaa, kofia mapajani.

"Sasa sema tena. Kwa sauti."

Akasema tena, kwa sauti. Mikono ya wale wanawake ikasimama juu ya ungo. Alipofika kwenye mikono miwili, Mama Auma aliinua kidole kumzuia.

"Hapo," akasema. "Rudia hapo."